Umenunua nyumba ina mpangaji ndani? Namna ya kumtoa kwa haki, Unguja na Pemba

Nianze na jawabu kwanza, kwa sababu najua wengi wanaosoma hapa mgogoro wanao tayari mkononi. Kununua nyumba peke yake hakukupi haki ya kumtoa mtu aliyepanga mle ndani. Umenunua nyumba na mkataba wake. Kama aliyekuuzia alishampa mtu nyumba kwa mwaka mzima na kodi keshakula, basi huo mwaka ni wa yule mpangaji, weye unangoja, na kodi ya baada ya hapo ndo yako. Hilo halibadiliki kwa kuwa hati sasa ina jina lako wala kwa kuwa huyo mtu hujawahi kumuona maishani mwako.

Najua linauma. Mtu kauza shamba, kakopa kwa ndugu, kaweka vikoba miaka, kanunua nyumba Mpendae au Wawi ahamie na watoto wake, anafika anaambiwa sisi tumelipa mpaka mwezi wa kumi na mbili. Lakini jiweke na upande wa pili, mtu kalipa kodi ya mwaka kwa mkupuo kama desturi yetu ilivyo, watoto wako skuli jirani, asubuhi anaamka anaambiwa nyumba imeuzwa toka. Yeye kakosa nini hapo?

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya bara, huku kwetu mwenye nyumba ndo msemaji. Si kweli, ila ni kweli kuwa sheria zetu za ardhi ni mbali na za bara na hili lizingatiwe sana, maana mtu anasoma ushauri wa Dar es Salaam anakuja kuutumia Fuoni. Sheria ya Ardhi ya bara ya 1999 haihusu Unguja wala Pemba, na mabaraza ya ardhi ya kata huku hayapo. Kwetu umiliki unakwenda kwa Sheria ya 12 ya 1992, kuhaulisha ardhi (kuihamisha kwa mwenye mpya) kunapitia bodi iliyowekwa na Sheria ya 8 ya 1994, na migogoro ya ardhi ina mahakama yake, Mahakama ya Ardhi, iliyoanzishwa na Sheria ya 7 ya 1994. Mambo ya mwenye nyumba na mpangaji yenyewe yanarudi nyuma zaidi, kwenye sheria za kabla ya Mapinduzi: Sura ya 150 ya uhaulishaji wa mali, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya India ya 1882, na Sura ya 98 ya udhibiti wa kodi, ambayo ilitungwa khasa kumzuia mwenye nyumba asipandishe kodi na kumtoa mtu anavyotaka. Kwa hiyo ukimwendea wakili muulize hizo mbili kwa majina yake, usikubali kuambiwa tu "twende tukamtoe".

Na kanuni kubwa inayotoka humo ni nyepesi kuifahamu. Anayenunua anaingia kwenye viatu vya aliyeuza, anachukua haki zake na mizigo yake pamoja. Muuzaji hana uwezo wa kukuuzia kitu ambacho hanacho, na yeye ile haki ya kukaa ndani mpaka mwisho wa mkataba alishaiuza kwa mpangaji.

Kwa wale ambao moyo wao unatulia kwa fiqhi kuliko kwa sheria za serikali, jawabu ni lile lile. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo wengi wetu tunafuata, kauli yenye nguvu ni kuwa nyumba iliyokodishwa inauzika, bei (yaani mauzo) inasihi, na ijara (mkataba wa kukodi) haivunjiki. Manufaa ya nyumba yanabaki kwa aliyekodi mpaka muda wake uishe, na mnunuzi ambaye hakujua kama nyumba imekodishwa ana khiyari, akitaka ataivunja bei arudishiwe pesa zake, akitaka ataendelea angoje. Yaani hata ukimuuliza sheikh hatokwambia ukamtoe mtu, atakwambia ugomvi wako ni na aliyekuuzia akakuficha. Na kifo hakibadilishi, mwenye nyumba akifa warithi wakauza, ijara inaendelea vile vile.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

KABLA HUJALIPA

Hapa ndo pa kukaa sana, kwa sababu asilimia kubwa ya shida zote hizi zinamalizika hapa kwa kikao kimoja. Usinunue nyumba kwa kuoneshwa na dalali saa moja ya usiku au ukiwa umesimama nje barazani. Ingia ndani. Kama mna mtu, mtolee salamu, muulize kwa adabu, mbele ya muuzaji: "Samahani mama, wewe hapa unakaa kwa kupanga au ni nyumba yenu?" Suali hili linafichua mengi. Kuna nyumba utaambiwa "huyo ni mpangaji tu tutamtoa", kumbe huyo ni dada wa muuzaji na ni mrithi mwenzake, hajagaiwa haki yake, na mirathi haijafunguliwa. Hapo si suala la kumtoa mpangaji tena, hapo huna nyumba uliyonunua mpaka mirathi ipite kwa Kadhi na warithi wote watie saini.

Watu wanaokutwa ndani ya nyumba si wa aina moja na kila mmoja ana njia yake. Kuna mpangaji mwenye mkataba wa maandishi. Kuna mpangaji wa maneno, analipa kila mwezi, hana karatasi hata moja ila sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) na mtaa mzima wanajua kuwa kapanga, na huyu naye ni mpangaji kamili usijidanganye. Kuna aliyekaribishwa tu, ndugu au rafiki, halipi kitu. Kuna mlinzi aliyewekwa aangalie nyumba wakati mwenyewe yuko Dar au Muscat, na miaka ikapita akaoa na kuzaa mle mle. Kuna mtu aliyepewa nyumba kama rehani ya deni, anakaa mpaka alipwe pesa yake. Aliyekaribishwa na mlinzi kwa kawaida hawana mkataba wa kodi, wanastahiki kupewa muda wa kutosha wa kuondoka na kama mlinzi hajalipwa mishahara hilo ni deni la aliyemuweka. Lakini wa rehani na mrithi usiwaguse bila wakili.

Ukishajua ni mpangaji, taka karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba na risiti za mwisho, fotokopi ubaki nazo. Ya pili ni karatasi fupi ambayo wengi hawaifanyi na ndiyo inayookoa: maelezo ya mpangaji mwenyewe, kwa saini yake, mbele ya sheha, anasema yeye ni fulani, nambari ya kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi, anakaa hapa tokea lini, kodi anayolipa kwa mwezi, kalipa mpaka tarehe gani, kaweka diposti kiasi gani, na kuna kitu gani mle ndani ni chake, kama vile tangi la maji au mlango wa geti. Faida yake ni kuwa baada ya mauzo hatoweza kuja na mkataba mwengine wa miaka mitano ulioandikwa jana ukatiwa tarehe ya mwaka juzi, na muuzaji naye hatoweza kukwambia kodi iliyobaki ni ya miezi miwili tu.

Halafu piga hesabu ya kodi iliyolipwa mbele. Hii watu wanaiacha kwa haya, na ni pesa zako. Tuseme kodi ni laki mbili na nusu kwa mwezi, mpangaji kalipa mwaka mzima mwezi wa kwanza, yaani milioni tatu, na nyumba inahaulishwa mwisho wa mwezi wa tano. Miezi saba iliyobaki ni yako wewe kama mwenye nyumba mpya lakini pesa yake 1,750,000 keshaila muuzaji. Basi hiyo ipunguzwe kwenye bei. Na diposti pia, kwa sababu siku mpangaji anatoka atakuja kuidai kwako. Muuzaji mwenye nia safi hatokataa, na akikataa hapo umeshajua unashughulika na mtu wa aina gani.

Kama weye huitaki nyumba yenye mtu ndani, sema mapema na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano kuwa nyumba inakabidhiwa ikiwa tupu, tarehe kadhaa, na sehemu ya pesa usilipe mpaka siku hiyo ufunguo uwe mkononi. Kiasi gani ubakishe ni makubaliano yenu lakini kiwe cha kumuuma muuzaji akichelewa, maana laki tano kwenye nyumba ya milioni themanini hazimsumbui mtu. Kwa njia hii kazi ya kuzungumza na mpangaji inakuwa ya muuzaji, ambaye ndiye anayejuana naye na ndiye aliyempa ahadi.

UMESHANUNUA, MTU YUMO NDANI

Siku ya kwanza usiende peke yako na usiende na fundi wa kubadilisha kitasa. Nenda na aliyekuuzia, mpite kwa sheha wa shehia mumuarifu, halafu mwende pamoja. Muuzaji aseme kwa ulimi wake kuwa nyumba kaiuza kwa fulani. Hili lina uzito wa kisheria, kwa sababu mpangaji ambaye hajaarifiwa akaendelea kumlipa mwenye nyumba wa zamani, malipo yake ni sahihi, huwezi kumlipisha mara ya pili, utamdai aliyepokea. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mwachie barua ya muuzaji inayosema kuanzia tarehe kadhaa kodi alipwe fulani kwa njia kadhaa, na abaki na kopi iliyosainiwa kuwa kapokea.

Maneno ya siku ile yanaamua miezi yote inayofuata. Nimeona watu wakianza kwa "miye ndo mwenye nyumba sasa" na mlango ukafungwa hapo hapo mpaka mahakamani. Anza hivi: "Bibi, assalam alaykum. Mie fulani, bwana hapa kaniuzia nyumba. Sikuja kukutoa, mkataba wako najua upo na nauheshimu. Nimekuja tujuane, na nije nijue mipango yako." Na kama ni mtu mzima kuliko weye mwite anavyostahiki, mama, bi mkubwa, mzee wangu, kaa kwenye mkeka ukikaribishwa. Watu wetu wengi hawang'ang'anii nyumba ya mtu, wanang'ang'ania wakidharauliwa.

Deni la kodi la zamani, la kabla hujanunua, ni la muuzaji isipokuwa mkataba wenu wa mauziano umesema umekuachia weye. Kwa hiyo usianze kumdai mtu kodi ya mwaka juzi na kumwambia kwa hilo nakutoa.

Sasa njia za kumtoa ziko nne na nazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni kungoja. Kama mkataba umebaki miezi minne au mitano, ngoja. Kesi yoyote itachukua zaidi ya hapo. Unachofanya ni kumwandikia barua mapema kuwa mkataba huu hautorudiwa ukimalizika, ili akatafute nyumba kwa utulivu. Usinyamaze mpaka siku ya mwisho kwa kudhani tarehe ya mkataba inatosha, maana mkataba ukiisha weye ukapokea kodi ya mwezi mmoja tu baada yake, umempa upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi bila kuandika neno na unaanza notisi upya. Ukilazimika kupokea pesa kwa kuwa bado yumo ndani, andika kwenye risiti kuwa ni malipo ya kutumia nyumba wakati anajiandaa kuondoka na kuwa hakuna mkataba mpya.

Ya pili ni kuelewana kwa pesa. Mpangaji ana miezi saba, weye unataka kuingia baada ya miwili. Mrudishie kodi ya miezi mitano, ongeza gharama za gari ya kuhamishia vitu, na pengine mlipie dalali wa nyumba anayohamia. Watu wengine wanaona ni kumpa mtu pesa za bure ndani ya nyumba yao wenyewe, mie naona ni bei ndogo kuliko wakili na kuliko uadui wa mtaani. Yaandikwe: anapokea kiasi gani, anatoka tarehe gani, nusu anapewa leo nusu siku ya kukabidhi funguo, mashahidi wawili, sheha anatia muhuri. Usimpe zote mwanzo, na yeye asikubali kutoka bila ya kupewa kitu.

Ya tatu ni notisi. Hii inafaa kwa mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na mkataba wa muda, au mwenye mkataba ambao wenyewe una kifungu cha kuuvunja kabla ya muda. Soma kifungu hicho neno kwa neno, kama kimesema miezi mitatu basi ni miezi mitatu, na kama kimesema kwa barua basi ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Pale ambapo mkataba haukusema kitu, muda wa chini wakili wako atakutizamia, lakini ushauri wangu ni usishuke chini ya mwezi mzima hata siku moja, na kwa familia yenye watoto wa skuli toa miezi mitatu. Notisi iishe mwisho wa mwezi wa kodi, isiishe katikati. Iwe ya maandishi na itaje kila kitu, mfano huu:

"Kwa Bi fulani, mpangaji wa nyumba iliyopo shehia ya kadhaa. Mimi fulani ni mmiliki wa nyumba hiyo kuanzia tarehe kadhaa kama ulivyoarifiwa kwa barua ya tarehe kadhaa. Unapanga kwa kodi ya mwezi kwa mwezi shilingi kadhaa. Kwa barua hii nakuarifu kuwa upangaji wako utamalizika tarehe kadhaa, na nakuomba siku hiyo unikabidhi nyumba ikiwa tupu pamoja na funguo. Sababu ni kuwa nahitaji kuhamia mwenyewe na familia yangu. Diposti yako ya shilingi kadhaa utarejeshewa siku ya makabidhiano baada ya kukagua nyumba pamoja. Nakala: Sheha wa shehia."

Mpelekee mkononi na shahidi, asaini kopi. Akikataa kusaini usigombane, shahidi aandike nyuma ya kopi kuwa barua kaachiwa tarehe hii saa hii, na kopi ya sheha ipokewe kwa muhuri. Na tafadhali angalia kalenda. Usimtoe mtu ndani ya Ramadhani, usimtoe wiki ya mitihani ya mwisho wa mwaka, wala katikati ya masika. Hakuna sheria niliyoisoma inayosema hivyo lakini utu unasema, na hata hakimu ni mtu wa hapa hapa.

Ya nne ni mahakama, na inakuja pale muda umeisha, notisi imeisha, au kodi hailipwi miezi na mtu hataki kusikia. Kabla ya kufungua kesi pita tena kwa sheha. Sheha hana mamlaka ya kumtoa mtu, hilo liwe wazi, na sheha anayekwambia "nitawatumia vijana wamtoe" anakutia matatani na yeye mwenyewe anajitia. Kazi yake ni kusuluhisha na kushuhudia, na barua yake kuwa suluhu ilijaribiwa ikashindikana inakusaidia mbele. Halafu wakili akuelekeze pa kufungua, kwa kuwa dai la kodi peke yake na dai la umiliki si lazima liende sehemu moja. Mpangaji akianza kusema nyumba si yako, kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kuuza, basi jambo lishakuwa la ardhi na unaelekea Mahakama ya Ardhi.

Utakachobeba ni hati au mkataba wa mauziano uliopita kwenye taratibu za uhaulishaji, barua ya kumjulisha mpangaji, mkataba wake, notisi yenye saini, risiti, na yale maelezo yake ya kwanza kama uliyachukua. Nyaraka ziwe zimelipiwa ushuru wa stempu, usije ukafika mbele ya hakimu karatasi yako ikakataliwa kwa kitu kidogo kama hicho. Ukishinda bado humtoi mwenyewe, hukumu inatekelezwa na watu wa mahakama kwa amri ya mahakama, tarehe inawekwa, na polisi wanakuja kulinda amani tu.

USIFANYE HAYA HATA UKIWA NA HASIRA VIPI

Usibadilishe kitasa mtu akiwa kazini. Usitoe vitu vyake nje. Usikate maji wala usiondoe nyaya, na usichukue mita ya Tukuza ukamwacha mtu gizani na mtoto mchanga. Usiezue mabati kwa kisingizio cha matengenezo, hii nimeiona mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja na ni jambo la kinyama, mvua inapiga kwenye magodoro ya watu. Ukifanya lolote katika haya unageuka weye kuwa mkosaji, mpangaji ambaye kodi hajalipa miezi sita anaweza kukushtaki yeye, akaomba zuio la mahakama, akadai fidia ya vitu vilivyoharibika, na kesi yako nzuri ikalala.

Na usimkatalie kodi makusudi ili baadae useme hajalipa. Mpangaji mjanja atakutumia kwa simu na ujumbe atauweka, au ataziweka mahakamani.

NYUMBA ZA BIASHARA NA ZA MJI MKONGWE

Milango ya maduka ina jambo lake, nalo ni kilemba, yaani pesa ya kuingilia. Mtu wa duka Darajani au Mlandege alitoa kilemba kikubwa alipoingia, mbali na kodi, na pengine hakukiandika popote. Weye umenunua jengo unadhani analipa kodi ndogo tu utamtoa kirahisi, yeye anakuambia nirudishie kilemba changu. Kilemba alichompa mwenye nyumba wa zamani muulize wakati wa kununua, uandike jawabu la muuzaji, na muuzaji abebe ahadi zake mwenyewe. Mfanyabiashara pia anahitaji muda mrefu zaidi kuliko mtu wa nyumba, ana mzigo wa bidhaa, ana wateja, ana leseni yenye anuani ya pale.

Vitu alivyoweka mpangaji mwenyewe, shelfu, mlango wa chuma, kiyoyozi, kwa kawaida anaruhusiwa kuving'oa kabla hajatoka, mradi aache jengo kama alivyolikuta. Ukitaka vibaki mnunulie.

Mji Mkongwe kabla ya yote hakikisha unachonunua kinauzika. Majumba mengi ya kule ni ya serikali na mengi ni ya wakfu, na aliyekaa miaka thelathini akilipa kodi Kamisheni ya Wakfu si mmiliki hata kama kaisha kuitengeneza nyumba nzima, hana cha kukuuzia. Halafu kama mpango wako ni kumtoa mpangaji ubomoe ujenge hoteli, ujue eneo lote liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000 na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ndo inayotoa kibali cha kugusa ukuta, dirisha hata rangi. Nimesikitika kuona familia zimeondolewa kwa haraka na nyumba ikabaki tupu miaka inaoza kwa sababu kibali hakikutoka. Tafuta kibali kwanza, mpangaji anakusaidia kuilinda nyumba huku unangoja.

Pemba, hasa vijijini nje ya Chake na Wete, mkataba wa maandishi ni nadra, na mara nyingi nyumba ni ya mmoja, kiwanja cha mwengine na minazi ya mwengine. Ulizia vyote vitatu. Mpangaji anaweza kuwa kapanga kwa mwenye nyumba huku kodi ya kiwanja ikienda kwa mtu mwengine kabisa, na ukimtoa bila kujua hilo unaingia ugomvi na ukoo mzima.

KWA MPANGAJI UNAYESOMA HAPA

Ukisikia nyumba inauzwa usitaharuki na usikimbie. Tafuta mkataba wako, risiti zako, ukiwa huna risiti chapisha miamala ya simu. Nenda kwa sheha umwambie unakaa hapa tokea lini na umelipa mpaka lini. Mwenye nyumba mpya akija mtake barua ya mauzo na usimlipe mtu yeyote asiye na karatasi, matapeli wapo wanaokuja na jina la mnunuzi. Na ukishajua kuwa kweli kanunua mlipe kodi kwa wakati, kwa sababu mkataba unakulinda ukiwa unaufuata na kodi ikikatika miezi ulinzi wako unapungua haraka sana.

SIKU YA KUKABIDHI

Mkutane mchana, na mwanga, weye au mtu wako, mpangaji, shahidi mmoja kila upande. Mpite chumba kwa chumba mpige picha. Someni mita ya umeme kama kuna deni, na bili ya maji ya ZAWA ilipwe mpaka siku hiyo. Uchakavu wa kawaida, rangi iliyofifia, bawaba iliyolegea, huo si wa kumkata mtu diposti, kioo kilichovunjwa na mlango uliotobolewa ndo wa kukatwa, na kwa bei ya fundi si ya kukisia. Diposti inayobaki ahesabiwe pale pale mkononi au aoneshwe ujumbe wa muamala umeingia. Andikeni karatasi moja yenye tarehe, idadi ya funguo zilizorudishwa na neno la kila mmoja kuwa hamdai mwenzake, msaini nakala mbili, ya tatu kwa sheha. Kitasa badilisha baada ya hapo.